Gari limekosa nguvu baada ya kuvishwa matairi makubwa: dalili, vyanzo na difu ya kuchagua

Kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kuokotwa, pikapu za Tandahimba, Newala, Ruangwa na Liwale hazipumziki. Njia za kutoka mashambani hadi ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ni mchanga mtupu, na mvua zikishika Desemba, mabondeni panageuka tope la udongo mweusi. Ndiyo maana mwenye gari anainua springi, anavua matairi yaliyotoka nalo kiwandani na kuvisha makubwa. Gari linapata kimo, tumbo haliburuzi tena kwenye tuta la katikati ya njia. Baada ya muda mfupi linarudi gereji: kilima kinalishinda, klachi inanuka, moshi ni mweusi na sindano ya joto inapanda.

Hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea, na inaniuma kuona. Mmoja anaongezewa dizeli kwenye pampu. Mwingine anauziwa difu ya mtumba ambayo hakuna aliyehesabu meno yake. Mwingine anafungiwa klachi mpya ambayo nayo itaungua msimu huohuo. Difu sahihi inaponya mengi katika hayo, lakini haiponyi yote, na yapo magari ambayo hayakuhitaji kuguswa difu kabisa. Kwa hiyo pitia dalili moja moja kwanza. Namba ya difu ni jambo la mwisho kuamua.

Tairi limekula kiasi gani?

Difu ya 4.1 maana yake propela inazunguka mara 4.1 ili tairi lizunguke mara moja. Tairi refu linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko huohuo, hivyo injini inazunguka kidogo kuliko zamani kwa mwendo uleule. Ni sawa na kufungiwa difu ya mbio bila kuiomba. Nguvu ya injini haijapungua hata chembe. Kilichopungua ni uwezo wake wa kuifikisha ardhini.

Tuchukue gari lililotoka na 265/70R16. Zidisha 265 kwa 0.70, unapata ukuta wa tairi wa milimita 185.5. Ukuta uko juu na chini, kwa hiyo ni 371. Jumlisha ringi ya inchi 16, yaani milimita 406, na kimo cha tairi kinakuwa 777. Sasa mwenyewe amevisha 315/75R16. Kwa hesabu hiyohiyo kimo ni 879. Gawanya 879 kwa 777, jibu ni 1.13. Tairi limekuwa refu kwa asilimia 13, na limekula karibu asilimia 12 ya nguvu ya kuvuta kwenye kila gia, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na hata gia ya nyuma.

Maandishi ya pembeni ya tairi yasikutoshe. Matairi ya makampuni mawili yenye namba moja yanaweza kutofautiana kimo, na tairi lililobeba mzigo hubonyea. Piga mstari wa chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, sukuma gari hadi mstari urudi chini, kisha pima umbali kwa futi ya fundi. Fanya hivyo kwa tairi la zamani na jipya, kwa upepo unaotumia kila siku na gari likiwa na mzigo wa kawaida. Uwiano wa vipimo hivyo viwili ndio wa kuamini.

Kwenye mzunguko wa injini inaonekana hivi. Kwenye giaboksi nyingi za mkono za gia tano za Toyota, gia ya nne inapitisha mzunguko wa injini moja kwa moja hadi kwenye propela. Ukiwa kilomita 80 kwa saa na difu ya 4.1, tairi la 777 linaizungusha injini karibu 2,240 kwa dakika. Tairi la 879 linaishusha hadi 1,980. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2 isiyo na tabo, inatoa mkunjo wake mkubwa, yaani nguvu ya kuzungusha, kwenye 2,200. Umeishusha chini ya pale inapopenda kufanya kazi, halafu unaidai ipande na magunia.

"Kilima kinalishinda na moshi ni mweusi"

Kipimo cha haraka hakihitaji spana. Tafuta mpando unaoufahamu. Wanaotoka Masasi kwenda Newala wana ule wa kuupandia uwanda wa Makonde, na ni mwamuzi mzuri. Pakia mzigo wa kawaida. Gari likianza kuzidiwa, shusha gia moja na uache injini izunguke inapotaka. Likivuta vizuri, moshi ukakatika na joto likashuka, injini yako ni nzima na tatizo ni uwiano wa gia. Likiendelea kuzidiwa hata kwenye gia ya chini huku injini ikizunguka juu, weka mawazo ya difu kando.

Hapo anza na chujio la hewa. Vumbi la njia za korosho linaziba chujio haraka kuliko kitabu cha gari kinavyodhani, na dizeli isiyopata hewa hutoa moshi mweusi uleule wa gari lenye gia nzito. Kisha chujio la dizeli, mpira wa hewa uliopasuka kati ya tabo na injini kama ina tabo, na nozeli. Halafu simama baada ya mwendo wa dakika kumi bila kutumia breki sana, na usogeze kiganja karibu na kila ringi. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki inashika. Nimeona gari limekaribia kufunguliwa difu zote mbili kumbe breki ya nyuma kushoto ilikuwa haiachii.

Joto la injini linakwenda pamoja na dalili hii. Pampu ya maji na feni vinaendeshwa na mzunguko wa injini. Injini inayokokota mzigo mzito kwenye 1,500 inazalisha joto jingi huku feni ikizunguka taratibu. Dereva anaona rejeta kama mkosaji, anaizibua, na joto linarudi kwenye mpando uleule. Kama sindano inapanda mlimani kwa gia ya juu na kutulia ukishusha gia, rejeta si tatizo lako la kwanza.

Kuhusu kuongeza pampu, nasema wazi: usikubali. Kufungulia dizeli zaidi kwenye injini isiyo na hewa ya kutosha kunaongeza moshi na joto la eksozi, na nguvu inayopatikana ni ndogo. Pistoni na kichwa cha silinda ndivyo vinavyolipa. Gia nzito ni ugonjwa wa gia, utibiwe kwenye gia.

"Klachi inanuka mchangani"

Wanaokwenda ufukwe wa Msimbati wanaijua harufu hiyo, na wanaobeba korosho Tandahimba pia. Chanzo cha kwanza ni upepo. Tairi lenye psi 40 kwenye mchanga mkavu linachimba, na kila kuondoka ni vita. Shusha hadi psi 18 hivi ukiwa na mzigo mwepesi, uone tairi linavyojitandaza kwa urefu na gari linavyoelea. Ukiwa na mzigo mzito usishuke sana, na ukifika barabara ngumu jaza tena kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi laini linapata joto na kupasuka.

Chanzo cha pili ni mazoea ya kuondokea gia ya pili. Kwa matairi ya kiwandani dereva aliweza kufanya hivyo na gari likamvumilia. Kwa tairi refu gia ya pili imekuwa nzito zaidi kwa asilimia 13, na kinachofidia ni klachi kuteleza. Ingiza L4, yaani gia za chini za 4x4, kabla hujaingia mchangani, ondoka na ya pili au ya tatu ya L4, kisha usiache mwendo ufe. Harufu ikikoma kwa kufanya hayo mawili, una muda wa kufikiri kuhusu difu bila haraka. Ikibaki hata kwenye L4, kagua klachi yenyewe, huenda imekwisha au pedali haiachii yote.

Hapa kuna jambo ambalo washauri wa mbali hulikosea. Katika nchi za miamba watu hufunga gia za transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, zinazopunguza L4 hadi gari litambae polepole kuliko mtu anayetembea. Mchanga wa kwetu hautaki hivyo, unataka tairi lizunguke kwa kasi ya kutosha na injini iwe na pumzi. Gia za kutambaa zinafaa kwa anayeshuka makorongo yenye mawe kila siku. Kwa mbeba korosho zinampa L4 ambayo gia ya kwanza na ya pili hazina kazi, na barabarani gari linabaki zito vilevile, maana H4, yaani gia za juu za transfa, haijaguswa.

"Otomatiki haitulii kwenye gia moja"

Giaboksi ikipanda na kushuka gia kila baada ya sekunde chache kwenye barabara isiyo na mlima mkali, tairi limeiondoa kwenye mpango wake. Oili ya giaboksi inapata joto na kuungua mapema. Zima gia ya juu kabisa kwa kitufe chake, na ikitulia umepata jibu. Kabla ya difu, kagua kimo na rangi ya oili ya giaboksi.

"Kuteremka kunatisha"

Usiidai difu yote hapa. Tairi kubwa lina nguvu zaidi ya kushindana na breki: breki ileile, ikiwa na tairi la 879 badala ya 777, inatoa nguvu ya kusimamisha ardhini iliyopungua kwa karibu asilimia 12. Difu mpya inarudisha msaada wa injini unapoachia mafuta, lakini breki za magurudumu zinabaki na upungufu wao. Ukishuka kutoka Newala na mzigo, teremka kwa gia ya chini tangu juu, na hakikisha pedi, viatu vya breki na mafuta ya breki ni vizuri. Kwa mtu anayebeba watu, mimi ningetibu breki kabla ya difu.

"Spidomita inadanganya, mafuta yanaisha"

Kwa Toyota nyingi za zamani spidomita inachukua mzunguko kutoka kwenye transfa, haijui umevaa tairi gani. Ikionyesha 50 kwenye kijiji cha barabara ya Kibiti hadi Lindi, wewe uko karibu 56, na unapigwa tochi ukiapa hukuzidisha. Ikionyesha 80, uko 90. Linganisha na GPS ya simu, ambayo hufanya kazi hata pasipo na mtandao.

Kosa hilo linavuruga pia hesabu ya mafuta. Kilomita 100 za kwenye dashibodi ni 113 za kweli. Kama gari lilikuwa linakwenda kilomita 10 kwa lita na sasa dashibodi inakupa 9, ukweli ni kama 10.2, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Ukibadili difu kulingana na tairi, spidomita ya aina hiyo inarudi karibu na ukweli yenyewe. Magari mapya yanayosoma mwendo kwenye sensa za magurudumu hayarekebishiki kwa njia hiyo.

Jua difu uliyonayo

Magari yetu mengi yamepitia mikono mingi, na kibati cha chini ya boneti chenye namba za ekseli kinaeleza lilivyotoka kiwandani tu. Hesabu mwenyewe. Weka kabari za uhakika kwenye matairi ya mbele, juu ya sakafu ngumu. Inua tairi moja la nyuma na uweke stendi. Giaboksi na transfa ziwe huru, breki ya mkono iachiwe. Piga alama kwenye propela. Zungusha tairi lililo juu mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa tairi la pili limesimama, mizunguko 20 ya tairi moja ni 10 ya difu: propela ikizunguka 41, una 4.1, na ikizunguka 43, una 4.3. Kuzungusha mara mbili tu, kama wengi wanavyofanya, hakutofautishi hizo mbili.

Kama difu ni ya kujifunga, tairi moja litakataa kuzunguka peke yake. Inua yote mawili na uyazungushe pamoja mara 10. Difu ya mbele nayo ihesabiwe, habu zikiwa zimewekwa kwenye "lock". Usiamini kwamba inafanana na ya nyuma mpaka uhesabu.

Kwa wenye Land Rover kuna mtego mwingine. Transfa ya LT230 ya Defender ina uwiano wa 1.41 kwenye gia ya juu, ya Discovery ina 1.22, na zinaingiliana. Defender iliyofungiwa transfa ya Discovery inapoteza zaidi ya asilimia 13 ya mvuto hata ikiwa na matairi yake ya 7.50R16. Na mwenye Discovery aliyevisha matairi makubwa anaweza kupata nafuu ya asilimia 15 kwa kufunga transfa ya Defender, bila kugusa difu. Soma namba iliyogongwa kwenye transfa kabla ya kulaumu injini.

Kuchagua namba

Zidisha difu ya sasa kwa uwiano wa matairi: 4.1 mara 1.13 ni 4.63. Hakuna anayeuza 4.63. Kwa difu ya Hilux ya inchi 8 utapata 4.56, yaani krauni (gurudumu kubwa la meno ndani ya difu) ya meno 41 na pinioni (dogo linaloizungusha) ya meno 9, au 4.88 yenye meno 39 na 8. Kwa mfano wetu, kwenye 80 gia ya nne, 4.56 inakupa mizunguko kama 2,200 na 4.88 inakupa 2,360.

Anayekwenda Dar na kurudi kwa lami akiwa mtupu, achukue 4.56. Anayetoka Liwale hadi Nangurukuru na mzigo, au anayepandisha magunia uwandani kwa dizeli isiyo na tabo, achukue 4.88, kwa sababu tairi kubwa ni zito pia, na uzito huo hesabu ya kimo haiuoni. Pinioni ya meno 8 ni nyembamba kuliko ya 9, kwa hiyo anayechukua 4.88 aache tabia ya kurusha klachi ghafla gari likiwa limekwama.

Mabadiliko madogo yaache. Kutoka 265/70R16 kwenda 235/85R16 kimo kinafika 806 tu, hesabu inatoa 4.25, na gereji yoyote inayokutaka ubadili difu mbili kwa tofauti hiyo inakuonea. 285/75R16 inadai 4.40, ni ya katikati: ukiwa mtupu vumilia, ukiwa mbeba mzigo nenda 4.56. Nikiulizwa na mtu wa Mtwara anayetafuta riziki na gari lake, humwambia avae 235/85R16, tairi refu jembamba linalobeba mzigo, na fedha ya difu aiweke kwenye springi na breki.

Matatizo yanayozaliwa baada ya kubadili

Ukiingiza 4x4 gari linajivuta, usukani unakuwa mgumu, na gia ya transfa haitaki kutoka: difu ya mbele na ya nyuma hazilingani. 4.1 mbele na 4.3 nyuma maana yake katika kila mita 100 ekseli moja inatakiwa kwenda karibu mita 5 tofauti na nyingine. Mchangani matairi yanateleza na kuficha kosa, kwenye barabara ngumu kitu kinavunjika. Likipimwa, lipimwe kwenye njia iliyonyooka, kwa sababu gari la 4x4 ya kuingiza hujibana kwenye kona za lami hata difu zikilingana. Matairi manne yasiyolingana kimo huleta ugonjwa huohuo.

Difu ikilia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, krauni na pinioni hazikukutana vizuri. Muulize fundi kama alipaka rangi kwenye meno na kuangalia alama ya mguso, na kama alipima nafasi kati ya meno kwa geji. Kwa difu ya Hilux ya inchi 8 nafasi hiyo ni milimita 0.13 hadi 0.18. Haipimiki kwa kutikisa na kidole. Mlio wa kuunguruma usiobadilika, mafuta yawepo au yasiwepo, mara nyingi ni beringi.

Meno mapya yanahitaji kuzoeana. Mwendo wa kwanza uwe wa kilomita 25 hadi 30 bila mzigo, kisha gari lisimame mpaka difu ipoe kabisa, na urudie hivyo mara chache. Magunia yasubiri mpaka kilomita 800. Tumia oili ya GL-5 ya 80W-90 au ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na uimwage ifikapo kilomita hizo 800. Angalia sumaku ya bolti ya kumwagia. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida kwa difu mpya. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, gari lisitoke gereji, difu ifunguliwe siku hiyohiyo.